Uibukaji: wimbo usiomo mkononi mwa mtu yeyote

Amadinda, marimba ya Waganda, watu wa Buganda nchini Uganda, ina mbao 12. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, mbao zikiwa kati yao, na kila mmoja hurudia mfuatano wake wa noti kwa mwendo mmoja. Pigo la huyu huangukia kwenye nafasi iliyoachwa na yule. Ukiitazama mikono yao, utaona watu wawili wakifanya kazi isiyo na makuu. Ukifumba macho, utasikia mkondo wenye kasi maradufu, na ndani yake vipande vya wimbo vinavyojitenga, noti za chini zikishikana na za chini, za juu na za juu. Wimbo huo haumo mkononi mwa yeyote kati yao. Ndipo anapoingia mpigaji wa tatu. Yeye ana mbao mbili tu za mwisho, upande wa sauti za juu. Kazi yake ni kusikiliza zile noti zinazoangukia mbao mbili za chini kabisa na kuzirudia huku juu, ili wimbo uliojificha usikike.

Jambo hilo ndilo linaloitwa uibukaji: mpangilio unaoonekana katika kundi zima, ambao ukimchunguza mwanakundi mmoja mmoja huupati, kwa sababu unazaliwa na namna wanavyohusiana. Nimeanza na Buganda kwa makusudi. Vijana wengi ninaokutana nao hapa Nairobi, wanaotengeneza muziki kwa kompyuta, hulisikia neno hili kwanza kwenye mafunzo ya programu na kudhani limezaliwa maabara. Masikio ya ukanda huu yalilijua jambo lenyewe zamani. Kilichokuja baadaye ni hesabu zake.

Hesabu hizo ni za sayansi ya uchangamano, inayochunguza mifumo ambayo sehemu zake hujibizana. Tofautisha kitu kigumu na kitu changamano. Injini ya matatu ni ngumu: ina vipande vingi, lakini fundi wa Grogan, mtaa wa magereji hapa Nairobi, anaweza kuifungua, akaipanga chini, akairudisha, na kila kipande kikafanya kazi ileile. Stejini jioni ni jambo changamano. Makanga anapandisha nauli kwa sababu ameona wingu la mvua, abiria wanasogea steji ya pili, dereva wa huko naye anabadili njia, na kufikia hapo yule makanga wa kwanza anaita abiria kwa bei nyingine. Kila mmoja anamjibu mwenzake, na majibu yanamrudia aliyeyaanzisha. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, uliowakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani, ulitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu, data yake ikiwa imekusanywa kwa simu za mkononi. Ukiitazama unadhani ni treni za chini ya ardhi za mji fulani, zilizochorwa na wahandisi mezani. Hakuna meza moja ambayo mtandao huo wote ulichorewa.

Kwa upande wa sanaa ya pamoja, mfano ninaoupenda ni wa mchwa. Mwaka 1959 mwanabiolojia Mfaransa Pierre-Paul Grassé alieleza jinsi mchwa wanavyojenga bila msimamizi. Mmoja huweka kidonge cha udongo, na kidonge hicho humchochea mwingine aweke chake papo hapo. Maagizo hutoka kwenye kazi iliyokwisha kufanywa. Wachoraji wa ukutani wanalijua hili kwa mikono yao: mmoja ameacha mstari wa buluu ukaishia hewani, na anayekuja kesho hahitaji kuambiwa aanzie wapi.

Sasa, muziki wa kielektroniki unahusikaje? Unahusika kwa sababu mashine hukuruhusu kuishika kanuni yenyewe mkononi, kuigeuza, na kusikia matokeo papo hapo. Chukua Mchezo wa Maisha wa mwanahisabati John Conway, uliotangazwa mwaka 1970. Ni uwanja wa miraba. Mraba ulio hai wenye majirani hai 2 au 3 unaendelea kuishi, vinginevyo unakufa. Mraba mfu wenye majirani hai 3 kamili unafufuka. Basi. Kutokana na hayo kuna umbo la miraba 5 ambalo kila baada ya vizazi 4, yaani raundi 4 za kutumia kanuni hizo kwa miraba yote, hujikuta limesogea hatua moja kwa mshazari. Hakuna kanuni inayosema "sogea". Ukifanya safu za kulala ziwe noti na safu za kusimama ziwe wakati, umbo hilo linakuwa kijiwimbo kinachopanda ngazi huku kikiteleza kwenye mdundo. Mara ya kwanza nilipolisikia niliacha chai ikapoa.

Lakini kompyuta moja ikifanya kazi peke yake chumbani haigusi kiini cha jambo. Kiini ni watu, na hapo nataka kukaa kidogo.

Tulikuwa watu 7 katika chumba kimoja pale Ngara, mtaa wa Nairobi, tumeketi kwa duara, kila mmoja na spika ndogo na sauti yake moja. Mmoja alikuwa na sinthesaiza, wengine simu, na mmoja alikuwa amerekodi mlio wa mashine ya kuchomelea vyuma. Kanuni ilikuwa hii: msikilize jirani yako wa kushoto tu. Akipiga, nyamaza. Akinyamaza, piga. Nilitarajia fujo ya dakika mbili. Badala yake ukimya ulianza kuzunguka chumba, ukafuatwa na sauti, kisha ukimya tena, kama upepo unaopita kwenye shamba la mahindi. Hakuna aliyekuwa akiuongoza.

Kisha rafiki yetu mmoja akafika amechelewa, tukamsogezea kiti. Tukawa 8. Baada ya muda mfupi mawimbi yakafa. Mmoja alipiga mfululizo, jirani yake akanyamaza mfululizo, na ikabaki hivyo. Kila mtu alidhani mgeni amekosea kanuni.

Hakukosea. Hesabu kwa vidole: wa kwanza anapiga, wa pili ananyamaza, wa tatu anapiga, hadi wa nane ananyamaza. Wa kwanza anamsikiliza wa nane, anamkuta kimya, basi anaendelea kupiga. Wote wametosheka, hakuna sababu ya kubadilika. Wakiwa 7, wa saba anapiga, kwa hiyo wa kwanza hana budi kunyamaza, na badiliko hilo linampata wa pili, wa tatu, likazunguka hadi likamrudia yeye. Duara la witiri, yaani la idadi isiyogawanyika kwa mbili, haliwezi kukubaliana, na kutokukubaliana huko ndiko kunakolifanya lipumue. Wahandisi wa elektroniki hutumia siri hiyohiyo: wakiunganisha kwa mviringo vigeuza-ishara, vifaa vinavyotoa kinyume cha vinachopokea, ambavyo idadi yake ni witiri, saketi haitulii kamwe, nao huitumia kama chanzo cha mapigo. Sisi tulikuwa saketi hiyo, polepole, na vidole vya binadamu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoita kila kikao cha kupiga bila mpango uibukaji. Watu watano wanaweza kupiga chochote kwa saa nzima, kisiibuke kitu. Na kinyume chake pia hakitoshi: mashine zote zikifungwa kwenye saa moja kuu, kama kawaida yetu studioni, zitakwenda sawa, lakini usawa huo umeamriwa, sawa na askari wanaofuata filimbi ya gwaride. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens aliona jambo tofauti mwaka 1665: saa zake mbili za timazi, yaani zenye uzito unaoyumba huku na huku, zilizoning'inizwa kwenye boriti moja, zilijilinganisha zenyewe, timazi moja ikienda kushoto wakati nyingine inakwenda kulia. Mtikisiko mdogo kwenye boriti ndio uliokuwa mazungumzo yao. Ukitaka kujaribu hili, chomoa waya wa saa kuu na uache kila mashine imsikie jirani kwa kipaza sauti.

Swali la mwenye kazi huja haraka, hasa rekodi ikipata wasikilizaji. Msimamo wangu ni kwamba aliyeandika kanuni ameandika kitu halisi na anastahili kutajwa, ila waliokaa kwenye duara watajwe wote pamoja naye, kwa sababu ukimtoa mmoja muziki unageuka. Duara letu lilionyesha hilo kwa mtu mmoja kuongezeka.

Kuna nusu ya dhana ambayo maelezo mengi huiacha. Kinachoibuka hakiishii kuelea juu ya watu. Hurudi kuwagusa waliokizaa. Msongamano wa magari unatengenezwa na madereva, kisha unaamua kila dereva aende kwa kasi gani. Siku ile Ngara hatukutaka kumrudisha rafiki yetu nyumbani, wala kumwacha aue mawimbi. Tukamtoa kwenye duara, tukampa kazi ya mpigaji wa tatu wa amadinda: asikilize mawimbi yanayopita, aokote sauti mbili zilizo chini zaidi, azirudie juu kwa kinanda chake. Alinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kugusa kitu. Alipoanza, wimbo ulikuwa mfupi, noti nne au tano, na sisi tuliokuwa tukimsikiliza jirani tu tukaanza kuchelewa kidogo kwenye zamu zetu, tukiungoja.