Damu, homoni na mayai ya mbu: dhana potofu na ukweli

Wengi huamini kwamba mbu hunyonya damu ili ashibe. Dume hang'ati kamwe, naye huishi kwa sukari ya maua na utomvu wa mimea. Jike pia huinywa sukari hiyo, lakini huitafuta damu kwa sababu protini yake ndiyo hujenga mayai.

Dhana ya pili hushikiliwa hata na waliosoma biolojia: kwamba damu hugeuka mayai moja kwa moja. Kwa Aedes aegypti, mbu anayeeneza homa ya dengue, damu kwanza ni ishara. Katika siku za mwanzo za utu uzima wake, homoni ya ujana, itokayo kwenye tezi ndogo zilizo karibu na ubongo, huandaa ovari na tishu ya mafuta. Mayai machanga hukua hadi kiwango fulani, kisha husimama. Jike akishanyonya, homoni hiyo hushuka, na ubongo huachia homoni nyingine zinazoichochea ovari kutengeneza homoni iitwayo ekdisoni, ambayo ikishabadilishwa kuwa hali yake tendaji, na asidi amino za damu (vijenzi vya protini) zikiwepo, huiamsha tishu ya mafuta izalishe vitelojenini, yaani protini ya kiini cha yai. Uzalishaji huo hufikia kilele takriban saa 24 baada ya mlo, na baada ya siku 3 hivi mayai huwa yamekomaa. Ushahidi ninaouona kuwa wa wazi kuliko wote ni huu: mbu akikatwa kichwa mara tu baada ya kunyonya, mayai hayakui ingawa tumbo limejaa damu; lakini akikatwa saa kadhaa baadaye, hukua, kwa kuwa amri ya ubongo imekwisha kutoka.

Wala si kweli kwamba pasipo dume hapana yai. Jike ambaye hajapandwa hukomaza mayai akipata damu, ila hayaanguliwi.

Ni kosa pia kumfanya mbu kuwa kipimo cha wadudu wote. Kwa nzige, homoni ya ujana yenyewe ndiyo huchochea utengenezaji wa vitelojenini, ilhali ekdisoni, inayofahamika zaidi kama homoni ya kujivua gamba, haina nafasi kubwa kama ile iliyo nayo kwa mbu.

Hatimaye, wapo wanaodhani kwamba kuvuruga homoni za mayai kunatosha kuzuia malaria. Piriproksifeni, kemikali inayoiga homoni ya ujana, huharibu uzazi wa mbu jike anayegusa chandarua kilichotiwa dawa hiyo. Hata hivyo, katika jaribio lililofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, vyandarua vyenye piriproksifeni pamoja na pairethroidi, dawa ya kawaida ya kuua mbu kwenye vyandarua, havikuonyesha, baada ya miaka 2, tofauti ya uhakika na vile vya pairethroidi pekee katika maambukizi ya malaria kwa watoto, huku vyenye pairethroidi pamoja na klorofenapiri, dawa nyingine ya kuua wadudu, vikiyapunguza waziwazi. Mbu aliyenyimwa uzazi, iwapo bado yu hai na ana vimelea mateni, huweza kuambukiza.