Si kweli kwamba safari ya Mwezini haikufanyiwa majaribio

Ujumbe ule umeanza kuzunguka tena kwenye magrupu: eti mwaka 1969 Wamarekani walikurupuka tu, wakapeleka watu Mwezini bila kujaribu chochote, kwa hiyo yote ni uongo.

Majaribio yalikuwepo, tena mengi. Saturn V, roketi iliyokuja kuwapeleka watu Mwezini, iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Novemba 1967, bila mtu ndani, katika safari ya Apollo 4 (Apollo ndiyo mpango wa Wamarekani wa kwenda Mwezini). Januari 1968, Apollo 5 ilijaribu chombo cha kutua Mwezini kikiwa kitupu, hakina hata miguu, kikiizunguka Dunia. Apollo 6, mwezi Aprili, ilitikisika vibaya na injini mbili zikazimika kabla ya wakati. Ndiyo kazi ya majaribio hiyo. Wasovieti nao, Septemba mwaka huohuo, walirusha kobe wawili ndani ya chombo chao kisicho na mtu, Zond 5. Kobe hao wakauzunguka Mwezi na kurudi hai.

Safari hizo hazikuwa na sura za wanaanga za kuonyesha kwenye televisheni, nadhani ndiyo maana zimesahaulika.

Ukitaka kuhakiki, tafuta picha za Apollo 12, safari ya pili ya watu kutua Mwezini: mwanaanga amesimama kando ya Surveyor 3, mashine iliyotua pale bila mtu mwaka 1967. Ukiletewa ujumbe ule usiusambaze. Aliyekutumia, mrudishie picha hiyo.