Je, wajua kwa nini Denver ilikuwa na hospitali mbili za bure za kifua kikuu, zote za Wayahudi?

Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado nchini Marekani, uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa karne ya 19 wagonjwa wa kifua kikuu walimiminika huko kwa treni, kwa sababu waliambiwa kwamba hewa kavu na jua la milimani vingewaponya. Tarehe 10 Desemba 1899 Wayahudi wa mji huo, wengi wao wenye asili ya Ujerumani na waliokwisha kujijenga kimaisha, walifungua National Jewish Hospital for Consumptives kwa msaada wa B'nai B'rith, chama cha Kiyahudi cha kusaidiana. Matibabu yalikuwa bure kwa mtu wa dini yoyote. Kaulimbiu yao ilisema kwamba mwenye uwezo wa kulipa haingii, na aliyeingia hana cha kulipa.

Miaka mitano haikuisha. Mwaka 1904 Wayahudi wengine wa mji huohuo, safari hii wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, wakaanzisha hospitali ya pili, nayo ya bure: Jewish Consumptives' Relief Society, iliyojulikana kwa kifupi kama JCRS. Ya nini tena?

Wengi hudhani hospitali ya kwanza ilijaa, ikabidi ijengwe nyingine ya kupokea waliobaki nje. Ni kweli vitanda vilikuwa haba. Lakini hata kama vingekuwapo vya kutosha, maelfu ya wagonjwa wasingelazwa, kwa sababu hospitali ya kwanza ilipokea wale tu ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga, na kwa kawaida ikawapa miezi sita. Fundi cherehani wa New York aliyekuwa akitema damu, aliyekusanya nauli yake ya mwisho kuja Denver, hakuwa na nafasi pale. Zaidi ya hayo, katika miaka hiyo jikoni hakukuwa na chakula cha kosher, yaani kilichoandaliwa kwa sheria za dini yao, na wahamiaji waliozungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, walijiona wageni mbele ya Wayahudi wenzao.

Ili kuona kwa nini hatua ya ugonjwa ilikuwa na uzito mkubwa hivyo, inabidi kwanza tuachane na dhana nyingine iliyoenea zaidi: kwamba hewa ya mlimani iliua vimelea vya kifua kikuu. Haikuviua. Robert Koch alivitambulisha vimelea hivyo mwaka 1882, na kwa miaka zaidi ya 60 baada ya hapo hapakuwa na dawa ya kuvimaliza ndani ya mwili wa binadamu. Kilichofanya kazi, pale kilipofanya, kilikuwa mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Fikiria kaa la moto linalofukiwa kwa majivu jikoni usiku. Kaa halijazimika, ila halisambai, na asubuhi ukilipuliza linawaka. Vimelea vikiingia kwenye pafu, chembe za kinga huvizunguka na kujenga kifundo kigumu kuvizingira. Humo ndani baadhi vinabaki hai, hata kwa miongo kadhaa. Mtu akilala njaa, akifanya kazi saa nyingi kwenye chumba chenye vumbi, akidhoofika kwa kisukari au maradhi mengine, ni sawa na kuyapeperusha majivu: kaa linaonekana tena na moto unashika upya. Mapumziko na chakula kingi ni majivu yanayoongezwa. Ugonjwa ukiwa mchanga kaa ni dogo, na kulifukia kunawezekana. Ukiwa umekomaa, pafu tayari limetoboka mashimo, kama nyumba ambayo moto umekwisha kufika kwenye paa. Hapo majivu ya jikoni hayasaidii sana.

Jaribio moja la zamani linaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo marefu. Katikati ya miaka ya 1880, Dk. Edward Trudeau, aliyekuwa na kifua kikuu yeye mwenyewe, aliwadunga sungura vimelea hivyo kwenye milima ya Adirondack, jimbo la New York. Watano aliwafungia mahali penye giza na unyevu, chakula kidogo; wanne wakafa. Wengine watano aliwaachia huru kwenye kisiwa kidogo wakala majani mabichi, wanne wakaishi. Kundi la tatu, ambalo halikudungwa vimelea, liliwekwa kwenye hali mbaya kama kundi la kwanza, likadhoofu bila kuugua kifua kikuu. Sungura watano kwa kila kundi ni wachache mno kutegemewa. Lakini tazama: wote walikuwa katika milima ileile. Kilichotofautiana ni chakula, mwanga na uhuru.

Sasa rudi kwenye lango la hospitali. Ukiwapokea wenye kaa dogo pekee, wengi watatoka wamenenepa, na takwimu zako zitang'aa. Hata wale ambao wangepata nafuu wakiwa nyumbani wataandikwa kwa jina lako, na sifa utaipata mlima. Hospitali nyingi za aina hii, Marekani na Ulaya, zilichagua wagonjwa namna hiyo, ndiyo maana ni vigumu sana leo kutumia ripoti zao kupima kama tiba ile ilifaa. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi: kitanda kimoja, miezi sita, umpe nani? Bado ni swali zito.

Waasisi wa JCRS walilijibu kwa namna nyingine. Katibu wao, Dk. Charles Spivak, alizaliwa Kremenchug katika himaya ya Urusi, akafika Marekani mwaka 1882, akafanya vibarua, kisha akahitimu udaktari Philadelphia mwaka 1890. Alihamia Denver mwaka 1896 kwa sababu mke wake alikuwa mgonjwa. Rais alikuwa Dk. Philip Hillkowitz, mhamiaji pia, bingwa wa maabara ambaye mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanapatholojia wa Marekani. Baadhi ya viongozi wa Wayahudi waliotangulia waliwapinga, wakisema ni kurudia kazi na kuwavutia maskini mjini. Wao wakaendelea kwa michango midogomidogo ya wafanyakazi, wakaanza na mahema ya mbao na turubai, wakapokea mgonjwa wa hatua yoyote, na jikoni kukawa kosher. Baadaye walikuwa na ng'ombe wao wa maziwa na hata ofisi ya posta iliyoitwa Spivak.

Naliheshimu sana jambo hilo. Walijua kwamba takwimu zao zisingependeza, na kwamba wengi waliowapokea wangefia mikononi mwao. Hata hivyo waliwapa wagonjwa hao kitanda, lugha yao na chakula chao. Na mgonjwa anayekohoa sana, akilala kwenye hema lenye upepo badala ya chumba kimoja na wanawe, haambukizi watoto. Hiyo pekee ni faida ambayo takwimu za waliopona hazionyeshi.

Dawa ilipatikana mwaka 1943, streptomisini, iliyogunduliwa na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey. Waksman naye alikuwa Myahudi mhamiaji, mzaliwa wa Ukraine. JCRS iligeukia saratani mwaka 1954. Kisha mwaka 1959 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Madras, India: wagonjwa maskini waliomeza dawa wakiwa nyumbani, wakila vibaya na kupumzika kidogo, walipona karibu sawa na waliolazwa sanatoria, yaani hospitali ya mapumziko ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Kwetu Tanzania, hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianza katika miaka ya 1920 kwa imani hiyohiyo ya hewa ya mlimani. Bado inapokea wagonjwa wa kifua kikuu, wakiwemo wenye kile sugu, na sasa wanapona kwa dawa.