Kufunga taa za zenoni nyumbani: umeme, kioo na shabaha kwanza

Ukiendesha usiku kutoka Mbezi kuelekea Kibaha, au kwenye Barabara ya Kilwa ukishaipita Mbagala, hutakosa kukutana na gari ambalo taa zake ni nyeupe za kukaribia buluu, zinakuingia machoni hata dereva akiwa amedimu. Mara nyingi dereva huyo hana nia mbaya. Amenunua boksi la HID, yaani seti ya taa za zenoni, Kariakoo, fundi amechomoa balbu ya zamani, amechomeka ya zenoni na taa zimewaka. Yeye anaona barabara imekuwa nyeupe. Mwenye bodaboda anayekuja upande wa pili haoni kitu kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo kuna watu wanavuka.

Sababu imo ndani ya taa. Ile sahani inayong'aa nyuma ya balbu imepindwa kwa hesabu, ichukue mwanga unaotoka sehemu moja ndogo ya milimita chache na kuutandaza barabarani. Balbu ya H4, inayotumika kwenye magari mengi madogo yanayokuja kutoka Japani, ina nyuzi mbili. Uzi wa dimu umekingwa kwa chini na kikombe kidogo cha chuma, na kikombe hicho ndicho kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya sahani ukapanda hadi kwenye macho ya watu. Balbu ya zenoni haina uzi kabisa. Mwanga wake ni cheche inayoruka kati ya ncha mbili ndani ya kichupa kidogo cha gesi, na umbo la cheche hiyo halilingani na la uzi. Sahani haijui kwamba balbu imebadilishwa. Inaendelea kutandaza kama ilivyoundwa, na mwanga unamwagika juu, kando na karibu na bampa, pale usipouhitaji.

Ongeza na wingi wake. Uzi wa dimu wa H4 hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 hivi kwa wati 55. Zenoni ya aina ya D2S hutoa lumeni 3,200 hivi kwa wati 35. Ikivuja sehemu ya kumi tu, ni lumeni 320, karibu theluthi ya mwanga wote wa dimu ya zamani, na zinaelekea machoni mwa mtu. Ndiyo maana Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48, kwa balbu za dimu zinazozidi lumeni 2,000, imedai vitu viwili: kifaa kinachoshusha taa chenyewe gari linapobeba mzigo nyuma, na kisafishio cha kioo, kwa kuwa tope husambaza mwanga ovyo. Boksi la dukani halina hata kimoja.

Pima umeme kabla ya kununua chochote

Wengi wanaotafuta zenoni wana halojeni, yaani balbu ya kawaida ya uzi kama H4, ambayo haijawahi kupewa haki yake. Washa injini, washa taa, kisha pima kwa mita kwenye vichwa vya betri. Usomaji wa kawaida ni volti 13.8 hadi 14.4. Sasa pima nyuma ya balbu, soketi ikiwa imechomekwa na taa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna umeme unaopotea njiani.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti. Betri ikiwa na 14.0 na balbu ikapata 12.2, mwanga unaobaki ni kama asilimia 63 ya ule ambao balbu ingetoa kwa volti 14.0. Mtu huyo anaendesha na theluthi mbili ya taa, halafu analaumu balbu. Kwenye gari linalolala Kigamboni au Msasani anzia upande wa hasi: fungua boliti inayoshika waya kwenye bodi, na ukikuta unga wa kijani au kutu, kwangua hadi chuma king'ae, kaza tena, paka grisi juu. Chumvi ya bahari hula hapo kwanza.

Kama hasara iko kwenye waya na swichi, funga rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) za ampea 40, moja ya dimu na nyingine ya fulu. Mguu namba 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 15, nayo fyuzi isikae mbali na betri zaidi ya sentimita 30. Mguu 87 unakwenda kwenye balbu. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 kwa chanya na kwa hasi. Miguu 85 na 86 ndiyo inayowachanganya mafundi. Magari mengi ya Kijapani hukata taa upande wa hasi, kwa hiyo ukiufunga mguu mmoja moja kwa moja kwenye bodi kama michoro mingi inavyoelekeza, rilei haitacheza. Unganisha miguu hiyo miwili kwenye nyaya mbili zilizokuwa zinalisha uzi wa dimu. Itafanya kazi, iwe gari linakata taa upande wa hasi au wa chanya. Kwa rilei ya fulu, fanya vivyo hivyo kwa nyaya za fulu. Soketi iwe ya kauri. Zile balbu za wati 100/90 zinazouzwa kama mkato ziache dukani: zinavuta zaidi ya mara moja na nusu, soketi ya plastiki inayeyuka na waya unabadilika rangi kuwa kahawia.

Kioo cha nje kikiwa cha njano, hakuna balbu itakayosaidia. Funika rangi ya gari kwa utepe wa karatasi, sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, 2000 na 3000, ukibadili mwelekeo kila unapobadili namba ili uone kama mikwaruzo ya kwanza imekwisha. Piga polishi, halafu pulizia rangi isiyo na rangi yenye kinga ya jua, mikono miwili. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, njano hurudi baada ya miezi michache. Dawa ya meno inang'arisha kwa siku kadhaa na hairudishi kinga yoyote.

Ukiamua zenoni, weka projekta nzima

Njia tunayoikubali ni moja: projekta (taa yenye lenzi mbele) iliyoundwa kwa zenoni, balbu yake na balasti yake, yaani kifaa kinachoiwasha na kuilisha umeme, vyote kwa pamoja. Projekta ina bamba la chuma ndani linalokata mwanga kwa mstari mkali kama wembe, na hilo ndilo linalomlinda anayekuja. Ukitafuta iliyotumika Gerezani, soma maandishi kwenye kitako cha balbu na kwenye balasti. Balbu ya D2S hufanya kazi kwa volti 85 hivi, ya aina ya D4S kwa 42 hivi. Balasti ya moja haifai kwa nyingine. Rangi, ambayo hupimwa kwa Kelvini, chukua ya 4300. Za 6000 na 8000 zinaonekana za kisasa, ila hutoa mwanga mchache zaidi, na barabara ya lami iliyolowa wakati wa masika huimeza rangi hiyo ya buluu.

Kagua jambo moja ambalo likikosewa kazi yote ni bure. Tanzania tunaendesha kushoto, hivyo mstari wa mwanga lazima uwe na ngazi inayopanda upande wa kushoto. Simama nyuma ya projekta, tazama ukutani. Ngazi ikipanda kulia, projekta hiyo ni ya nchi wanazoendesha kulia na itamulika magari yanayokuja. Usiichukue hata kwa bei ya bure.

Toa kwanza hasi ya betri. Magari mengi yanadai bampa litoke ndipo boliti za namba 10 za taa zifikiwe. Taa ikiwa mezani, toa balbu, mipira, skrubu na klipu zote, kisha ipashe moto kwenye oveni ya nyuzijoto 100 hivi kwa dakika 8 hadi 10, ikiwa juu ya ubao mkavu ili plastiki isiguse chuma. Gundi nyeusi ikilainika, tenganisha kioo taratibu kwa bisibisi bapa ukianzia kona. Kama gundi ni ngumu kama jiwe na haivutiki, acha. Taa hiyo itavunjika. Sahani usiiguse kwa vidole wala kitambaa, ule mng'ao hufutika.

Projekta nyingi za kufunga mahali pa H4 hushikwa na nati kubwa kwa nyuma. Usikaze moja kwa moja. Iwashe mbele ya ukuta, izungushe hadi mstari ulale sawa na maji ya pima maji, ndipo ukaze. Ukifunga kioo kabla ya hapo utakuja kukifungua tena. Weka gundi mpya ya butili kwenye mfereji mzima, pasha tena, kandamiza. Matundu ya kupumulia yaliyo nyuma ya taa yaache wazi. Mtu akiyaziba kwa silikoni akidhani anazuia maji, ndipo ukungu unapojaa ndani.

Balasti huanzisha cheche kwa zaidi ya volti 20,000. Usiwashe balbu ikiwa nje ya soketi yake, usirefushe waya wa balbu, na usiupitishe pamoja na nyaya za sensa za injini. Ifunge kwenye chuma, juu ya pale maji ya dimbwi yanapofika, viunganishi vikitazama chini. Ikishawaka inatumia ampea 3 na nusu hivi, lakini kwa sekunde za mwanzo inaweza kuzidi 10. Waya wa asili wa taa haukupangiwa hilo. Tumia rilei yake, fyuzi ya 30 kwa balasti zote mbili na waya wa milimita za mraba 4 kutoka betri. Fyuzi ikikatika kila ukiwasha, tafuta kosa. Usiweke kubwa zaidi.

Shabaha

Tafuta ukuta na sakafu iliyo sawa. Jaza upepo wa tairi, mtu akae kwenye kiti cha dereva, egesha mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, tuseme sentimita 70. Chora mstari ukutani kwa kimo hicho, na wa pili sentimita 10 chini yake. Mstari wa mwanga wa dimu unalala kwenye huo wa pili. Kwa mteremko huo mwanga unagusa lami mita 70 mbele ya gari. Nusu ya digrii ikipanda ni karibu sentimita 9 ukutani, yaani karibu mteremko wote umeliwa. Skrubu nyeupe au nyeusi nyuma ya taa hukubali robo mzunguko kwa wakati. Zungusha, tazama, zungusha tena.

Gari lililoinuliwa kwa spesa (vipande vya kuinulia springi) lipimwe upya, hata kama taa ni za kiwandani. Likiinuliwa mbele kuliko nyuma, taa zimepanda. Na kama lina zenoni ya kiwandani, lala chini utazame mkono wa ekseli ya nyuma: pana sensa yenye kijiti chembamba kinachoiambia taa gari limekaaje. Kijiti hicho mara nyingi hukatika au huachwa kikining'inia gari linapoinuliwa, na tangu siku hiyo taa hazijirekebishi tena. Gari lisilo na sensa lina gurudumu dogo kwenye dashibodi lenye namba kuanzia 0. Ukipakia saruji au abiria nyuma, lizungushe kuelekea namba kubwa kabla ya kuondoka, na lirudishe 0 ukishashusha.

Balbu ya zenoni ikianza kuwa ya waridi au kuzima na kuwaka yenyewe, imechoka. Badilisha zote mbili, kwa kuwa mpya na nzee hazitoi rangi moja.