Nani Anapimwa? Miaka ya Mwanzo ya Saikolojia ya Majaribio

Mwanzoni mwa mwaka 1796, katika kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich nchini Uingereza, msaidizi aliyeitwa David Kinnebrook aliachishwa kazi kwa kosa lisilofikia sekunde moja. Kazi yake ilikuwa kutazama nyota kwa darubini huku akisikiliza mapigo ya saa, kisha kukadiria ni katika sehemu gani ya sekunde nyota ilipokatiza nyuzi nyembamba zilizotandwa ndani ya darubini hiyo. Mkuu wake, Nevil Maskelyne, aligundua kwamba vipimo vya msaidizi huyo vilipishana na vyake kwa takribani sekunde 0.8, akahitimisha kwamba msaidizi ndiye aliyekosea.

Miaka mingi baadaye Friedrich Bessel, mwanafalaki wa Königsberg, aliisoma habari hiyo na kujiuliza swali ambalo Maskelyne hakulifikiria: itakuwaje kama hakuna aliyezembea? Alilinganisha vipimo vyake na vya wanafalaki wenzake, watu wazoefu na makini, akakuta kwamba nao walipishana, na kwa mmoja wao tofauti ilizidi sekunde moja. Ilidhihirika kwamba kila mtu ana ukawiaji wake kati ya kuona, kusikia na kuamua. Sisi tunaofundisha saikolojia chuoni tumezoea kuanzia mwaka 1879, ilipoanzishwa maabara ya Wilhelm Wundt mjini Leipzig, lakini naona ni haki kuanzia hapa, kwa sababu hapa ndipo binadamu, ambaye hadi wakati huo alikuwa jicho tu nyuma ya chombo, alipogeuka kuwa kitu cha kupimwa.

Haikuwa hatua nyepesi. Mwanafalsafa Immanuel Kant alikuwa ameandika mwaka 1786 kwamba elimu ya nafsi haiwezi kuwa sayansi kamili kwa kuwa hisabati haiwezi kutumika juu ya mambo ya ndani ya mtu. Hata wanafiziolojia, yaani wataalamu wa utendaji wa mwili, waliamini kwamba ujumbe husafiri katika neva kwa kasi isiyopimika. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz aliitikisa imani hiyo kwa mguu wa chura: aliusisimua neva wake karibu na msuli, kisha mbali na msuli, akapima tofauti ya muda uliopita kabla msuli haujajikunja. Jibu lilikuwa takribani mita 30 kwa sekunde, yaani polepole kuliko sauti inavyosafiri hewani. Kama neva inahitaji muda, basi kuhisi kunahitaji muda, na huenda hata kufikiri kunahitaji muda unaoweza kuhesabiwa.

Wakati huohuo mjini Leipzig, Ujerumani, mwanafiziolojia Ernst Heinrich Weber alikuwa ameonyesha kwamba hisi zetu hazipimi uzito kama mizani ya dukani inavyopima. Mtu aliyeshika gramu 400 huanza kuona tofauti zikiongezwa gramu kama 10, lakini aliyeshika gramu 800 hatahisi nyongeza hiyo, bali atahitaji kama 20. Kinachotambuliwa ni uwiano. Ndiyo maana kijiko kimoja cha sukari hujulikana haraka ndani ya kikombe cha chai na hakijulikani kabisa ndani ya sufuria ya shughuli. Gustav Fechner aliuchukua uwiano huo, akauandika kwa hesabu, na mwaka 1860 akatoa kitabu kilichoweka misingi ya kupima uhusiano kati ya kichocheo cha nje na hisia ya ndani. Huko Utrecht, Uholanzi, Franciscus Donders aliongeza hila ambayo bado inafundishwa: alipima muda wa kuitikia ishara moja tu, akapima muda wa kuchagua jibu kati ya ishara mbalimbali, akatoa wa kwanza katika wa pili, kilichobaki akakihesabu kuwa ndio muda wa kupambanua na kuchagua.

Kwa hiyo Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig mwaka 1879, maswali yalikuwapo, vyombo vilikuwapo, na hata mbinu kadhaa zilikuwapo. Kilichokosekana ni nyumba, kwa maana ya mahali ambapo kijana angeweza kufika, akajifunza kazi hiyo kwa utaratibu, akatunukiwa shahada kwa ajili yake, kisha akaenda kuifundisha kwingine. Wundt aliijenga. Alianzisha jarida la kuchapisha matokeo, na katika maisha yake alisimamia tasnifu zaidi ya 180. Chuo chenyewe kilichukua miaka kadhaa kabla ya kuitambua maabara hiyo rasmi.

Inafaa kukitazama chumba hicho kwa karibu. Mezani ipo kronoskopu ya Hipp, saa yenye uso wa mishale miwili inayohesabu sehemu za elfu moja za sekunde. Mpira mdogo unadondoka kwenye ubao, mlio unasikika, umeme unakatika au kuunganishwa, na mishale inaanza kukimbia. Aliyeketi upande wa pili, kidole chake kikiwa juu ya swichi ya telegrafu, anakiachia mara tu anaposikia, na mishale inasimama. Mara nyingine anaagizwa asiitikie hadi awe amekwisha kutambua ni sauti ipi, au ni rangi gani. Jaribio linarudiwa mara nyingi mno, kwa sababu kipimo kimoja hakina maana. Maana iko katika wastani, na katika kadiri vipimo vinavyotawanyika kuuzunguka.

Jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka ni nani aliyeketi kwenye kiti kile. Hakuwa mgeni aliyeitwa kutoka mtaani. Alikuwa mwanafunzi wa maabara hiyohiyo, na kesho yake angebadilishana nafasi na mwenzake aliyekuwa akisoma saa. Wundt mwenyewe aliketi pale. Aliyepimwa alihesabiwa kuwa mtazamaji aliyefundishwa, na utaalamu wake katika kueleza kilichopita akilini ulikuwa sehemu ya ushahidi. Utaratibu huo ulikuwa na heshima yake, lakini ulikuwa na udhaifu mkubwa: elimu iliyodai kuhusu akili ya binadamu kwa jumla ilisimama juu ya wanaume wachache wasomi wa Ulaya na Marekani.

Wundt aliamini pia kwamba majaribio hayawezi kufika kwenye kumbukumbu za kina, lugha na desturi. Hermann Ebbinghaus hakungoja ruhusa. Akiwa peke yake, mtafiti na mtafitiwa katika mwili mmoja, alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, kila moja ikiwa na irabu katikati ya konsonanti mbili, akazisoma kwa mwendo wa mapigo 150 ya saa kwa dakika hadi azikariri orodha nzima bila kukosea. Baada ya muda alizikariri upya na kuhesabu kazi iliyookolewa, yaani kiasi cha kazi ambacho mara hii hakukihitaji tena. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 ya kazi ya awali. Baada ya siku moja asilimia 34. Baada ya siku 31 bado asilimia 21. Kusahau, kwa hiyo, huenda kasi sana mwanzoni kisha hupungua mwendo. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1885. Nyongeza moja kwa anayetaka kulirudia jaribio hilo kwa Kiswahili: itambidi awe mwangalifu, kwa kuwa silabi zetu huishia kwa irabu na nyingi zake, kama “la”, “pa” au “ku”, tayari zimebeba maana.

Kutoka Leipzig elimu hii ilivuka bahari haraka. Stanley Hall alianzisha maabara katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1883, na kufikia mwaka 1900 Marekani ilikuwa na maabara zipatazo 40. Milango yake haikuwa wazi kwa wote. Mary Whiton Calkins, aliyebuni mbinu ya kupima kumbukumbu kwa jozi za vitu, alitimiza masharti yote ya shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, na chuo kikakataa kumtunuku kwa sababu alikuwa mwanamke. Mwaka 1905 alikuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, bila shahada hiyo.

Mwaka 1898 vyombo vya maabara vilipakiwa melini. W. H. R. Rivers, Charles Myers na William McDougall walijiunga na msafara wa Cambridge hadi visiwa vya mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na New Guinea, wakafanya majaribio kwenye kisiwa cha Mer. Ulaya ya wakati huo iliamini kwamba watu waliowaita washenzi wana macho na masikio makali kupita kiasi, na kwamba ukali huo umelipwa kwa uhafifu wa kufikiri. Vipimo havikuonyesha tofauti kubwa ya namna hiyo. Kisha Rivers aliwaonyesha wakazi ule mchoro wa mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja ukiwa na ncha zilizokunjwa ndani na mwingine nje, ambao humfanya mtazamaji auone mmoja kuwa mrefu kuliko mwenzake. Watu wa Mer walidanganyika na mchoro huo kidogo kuliko Waingereza.