Panadol haivushi mpaka: maswali ya madereva kuhusu upimaji na karantini

Kwenye hema la kupima afya za wasafiri hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, nimeulizwa maswali haya mara nyingi hadi najua litakalokuja kabla dereva hajazima injini. Nayajibu kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotuelewanisha sote, aliyetoka Mombasa na anayerudi na lori tupu kutoka Bunia au Juba.

Karantini na kutengwa si kitu kimoja?

Hapana. Karantini ni ya mtu mwenye afya njema aliyekuwa karibu na mgonjwa au aliyetoka penye mlipuko, tunasubiri tuone. Kutengwa ni kwa ambaye ameshaugua au ana dalili. Hawalazwi chumba kimoja, hata kama nafasi ni finyu.

Mbona korona mlituweka siku 14, na Ebola mnasema 21? Mnabahatisha?

Siku zinafuata muda ambao virusi vinaweza kukaa mwilini bila kuonyesha dalili. Korona ni hadi siku 14. Ebola ni kati ya siku 2 na 21, na Marburg, ugonjwa unaofanana na Ebola, ni hivyohivyo. Kuna tofauti nyingine ambayo wengi hawaijui: mwenye korona huweza kuambukiza wengine hata siku mbili kabla hajaanza kukohoa, lakini mwenye Ebola haambukizi mpaka dalili zianze. Kwa hiyo kwa Ebola, ile saa homa inapoanza ndiyo saa ya kusema. Si kesho yake.

Nikimeza Panadol kabla ya kufika hapo, kipimajoto si kitasoma vizuri?

Kitasoma vizuri. Wewe ndiye hutakuwa mzima.

Wiki hizi nimekutana na kaka mmoja, dereva wa siku nyingi, mcheshi, ananiita "sista" kila akipita. Kipimajoto kilisoma 36.7. Lakini macho yalikuwa mekundu, shati limelowa jasho mgongoni, na asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi. Alipoinama kutoa pasi, karatasi ya vidonge ikachungulia mfukoni, vinne vimetoka. Nikamuuliza amemeza saa ngapi. Akacheka. Nikauliza tena, akaacha kucheka. Ilikuwa malaria, tukamshukuru Mungu sote wawili. Ila mimi sikujua kuwa ni malaria aliposimama mbele yangu, na yeye pia hakujua.

Panadol inashusha joto kwa saa nne hadi sita hivi. Haiui kirusi hata kimoja. Ndani ya saa hizo umeshapita Tororo, umeketi hotelini Iganga, umeshikana mikono na watu kumi, halafu homa inarudi. Umemdanganya nani? Mimi nimebaki Malaba.

Lakini mimi nameza kwa ajili ya mgongo tu, safari ni ndefu.

Naelewa, barabara inaumiza. Basi useme. "Nimemeza Panadol saa kumi na moja alfajiri, mgongo unaniuma." Sentensi moja tu, nasi tutajua jinsi ya kukupima: tutakuketisha, tutakuuliza ulikotoka, tutarudia joto baadaye. Hakuna anayekamatwa kwa kumeza kidonge. Tatizo ni kukificha.

Na wale wa diklofenaki, aspirini na ibuprofeni, ambao ni wengi kwenye barabara hii: ukiwa umetoka eneo lenye Ebola na una homa, dawa hizo usiziguse kabisa. Zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Homa ikianza siku chache baada ya kuvuka, si nisubiri kwanza nione kama ni malaria?

Usisubiri. Nalirudia kwa sababu hili ndilo linaloua: usisubiri. Ebola inaanza kama malaria: homa, kichwa, viungo, uchovu. Kutapika na kuharisha huja baadaye, na kutoka damu si kwa kila mgonjwa. Anayesubiri damu ndipo aamini, anasubiri wakati familia yake inamfulia mashuka. Hata ukipimwa malaria ukakutwa nayo, bado haijathibitisha kwamba huna kingine. Kama ndani ya siku 21 ulipita penye mlipuko, homa yoyote ni ya kutolewa taarifa siku hiyohiyo.

Nilipimwa, nikakutwa sina. Karantini ya nini tena?

Kipimo kinaeleza sampuli ya saa ilipochukuliwa. Kwa Ebola, hata mwenye dalili tayari anaweza kukutwa "hana" katika siku tatu za kwanza, ndiyo maana tunarudia baada ya saa 72. Sembuse wewe ambaye hata dalili hazijaanza? Karatasi ile haikufuti kwenye orodha ya tunaowafuatilia. Maliza siku zako.

2020 mlizuia mabasi mkaruhusu malori. Virusi havipandi malori?

Vilipanda sana. Lakini Uganda haina bahari; mafuta, chumvi na hata dawa zetu nyingi hupitia Mombasa. Tukifunga kila kitu, hospitali nazo zinafunga. Mwanzoni dereva alichukuliwa sampuli akaendelea na safari, na majibu yakitoka vibaya ikawa kazi ya kumtafuta barabarani. Baadaye ikaamuliwa asubiri majibu mpakani, na foleni hapa Malaba ikafika makumi ya kilomita upande wa Kenya. Watu walilala chini ya matrela. Nilikubaliana na sababu, sikukubaliana na mateso yale, na cheti cha kupimwa kabla ya kuondoka kilipoanza kutambuliwa pande zote mbili nilishukuru kuliko madereva wenyewe.

Kuhusu kipimajoto, wanaokidharau wakumbuke kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyetua Entebbe kutoka Dubai Machi 2020, joto lake lilikutwa juu hapo hapo uwanjani. Kinafanya kazi kikiachwa kifanye kazi.

Na kupitia njia ya panya?

Nitakupa visa viwili vya Ebola, vyote vya Kasese, wilaya ya Uganda inayopakana na Kongo, vyote vya 2019. Mwezi Juni familia iliyotoka kumuuguza na kumzika ndugu yao Kongo ilivuka kwa njia isiyo rasmi. Mtoto wa miaka 5 alifikishwa hospitali akiwa hoi, akafa. Bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 wakafa nao. Agosti, mama mwingine alipitia Mpondwe, mpaka rasmi, na binti yake wa miaka 9 anayeumwa. Wapimaji walimwona palepale, akatengwa. Huyo mtoto naye hakupona, sitakuficha. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeambukizwa Uganda kutokana naye.

Na si mipaka ya nchi tu. Katika mlipuko wa Ebola ya aina iitwayo Sudan uliotangazwa Mubende, katikati ya Uganda, Septemba 2022, mtu mmoja alitoka eneo la mlipuko, akafika Kampala akiwa anaumwa. Alikufa, na wa familia waliompokea wakaambukizwa. Mlipuko ule ulithibitishwa kwa watu 142, wakafa 55.

Karantini nitalipia mimi?

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinasema msafiri asitozwe. Machi 2020 waliotua Entebbe waliambiwa walipe hoteli wenyewe, na manung'uniko yake bado yanasikika. Kwa maoni yangu, ukimtoza mtu umemfundisha kutoroka. Uliza kabla ya kusaini chochote.

Cheti cha homa ya manjano kinatosha?

Ni cha homa ya manjano tu. Hakihusiani kabisa na haya.

Sasa homa imenianza niko njiani, labda Mbarara, usiku. Nifanye nini hasa?

Egesha mahali penye usalama. Usipande bodaboda wala teksi kwenda kutafuta dawa. Ukipanda, huyo wa bodaboda na abiria wake wa baadaye wote wanaingia kwenye orodha yetu. Taniboi, yaani msaidizi wako, ashuke, akae mbali nawe, asishike jasho wala matapishi yako, asitumie kikombe chako. Piga simu ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066. Simu ikigoma, mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa, wa hapo anaweza kufikisha habari kituo cha afya. Taja kila mahali ulipolala ndani ya siku 21, hata kule ambako mkeo hajui, sisi hatutamwambia. Sema dawa ulizomeza na saa. Kisha kaa, kunywa maji, ngoja gari la wagonjwa.

Tajiri wa lori naye apigiwe, mzigo ni wake. Ila mpigie baada ya kutupigia sisi, si kabla, maana wa kwanza kukwambia umeze mbili uendelee mara nyingi huwa ni yeye.