Kantri ya injili: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nchini Kenya, na sehemu kadhaa za Tanzania, nyimbo za Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, zimepigwa misibani na redioni Jumapili asubuhi kwa miaka mingi hata wengi wanaziona kama za kwetu. Si vibaya. Shida ni kwamba pamoja na mapenzi hayo yamejengeka mambo ambayo hayapo, na wakati mwingine yanamharibia mwalimu wa kwaya au mpiga gitaa kazi.

"Jim Reeves alikuwa mchungaji"

Hakuwa. Alizaliwa Texas mwaka 1923, akacheza besiboli ya kulipwa katika ligi za chini mpaka jeraha la neva likamtoa uwanjani, kisha akawa mtangazaji wa redio. Na ile sauti ya mtu anayekuombea kitandani hakuanza nayo. Rekodi zake za mwanzo anaimba kwa kupaza, kama wenzake wote wa kantri wa wakati huo. Ilipofika 1957, akiwa na prodyuza Chet Atkins mjini Nashville, alishusha sauti na kuusogeza mdomo karibu kabisa na maikrofoni. Huo ni ufundi, tena unafundishika.

Wanaomuiga kanisani hukosea hapohapo. Maikrofoni nyingi za kushika mkononi zikiwa karibu sana na mdomo huongeza uzito wa sauti za chini. Ndiyo sababu sauti inajaa. Lakini ukipaza ukiwa hapo, spika zinakoroma, na herufi p na b zinapasuka kama mtu anayepuliza mshumaa. Imba kwa sauti ya mazungumzo, na maikrofoni iwe pembeni kidogo ya mdomo, si mbele yake moja kwa moja. Fundi mitambo naye apunguze besi kidogo. Anayesimama mbali na maikrofoni hawezi kuipata sauti ile hata akijaliwa koo zito.

Kuna na hili: Reeves alifariki tarehe 31 Julai 1964, katika ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe, karibu na Nashville. Santuri zake ziliendelea kutoka kwa miaka mingi baadaye, baadhi zikiwa sauti ya majaribio iliyoongezewa vyombo studioni. Wimbo uliomfikisha namba moja Uingereza mwaka 1966 ulitengenezwa hivyo. Kwa hiyo ukisikia vinanda vingi nyuma yake, usiwe na haraka ya kusema ndivyo alivyopenda.

"Wimbo wa 'dunia si kwangu, napita tu' ni wake"

"This World Is Not My Home" aliuweka kwenye albamu mwaka 1962, akauimba vizuri kuliko karibu kila mtu. Lakini Carter Family, kundi la familia la kantri, waliurekodi mwaka 1931, naye mtunzi wa injili Albert E. Brumley akautengenezea mpangilio wake miaka hiyohiyo ya 1930. Ni wimbo wa watu. Wazo lake ni la Waebrania 13:14: hapa hatuna mji udumuo.

Si kila mstari wa nyimbo hizi umetoka kwenye Maandiko namna hiyo. "Peace in the Valley" unamlaza simba kando ya mwana-kondoo, na wahubiri wengi hunukuu hivyo madhabahuni. Fungua Isaya 11:6. Anayekaa na mwana-kondoo ni mbwa-mwitu. Chui yuko na mwana-mbuzi. Mwana-simba yuko na ndama. Wimbo hauna kosa la imani, ila usiutumie kama rejea.

"Ni muziki wa wazungu"

Huu ndio uongo mkubwa kuliko yote. Wimbo huohuo wa "Peace in the Valley" uliandikwa na Thomas A. Dorsey, Mwafrika-Mmarekani wa Chicago aliyekuwa mpiga piano wa bluzi kabla hajageukia injili. Aliuandika miaka ya 1930. Red Foley, mzungu wa kantri, akaurekodi mwaka 1951 ukavuma, kisha Elvis Presley akauimba kwenye televisheni Januari 1957. Wengi wanawajua hao wawili wa mwisho tu.

Rudi nyuma zaidi. Carter Family walirekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, Agosti 1927. A. P. Carter alipozunguka milimani kukusanya nyimbo, aliandamana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi. Carter aliandika maneno, Riddle akaishika tuni kichwani. Bila Riddle, nusu ya mzigo ungepotea njiani. Banjo yenyewe ina asili ya vyombo vya Afrika Magharibi, ikavuka bahari na watumwa. Naye DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri cha Nashville, kwa kinanda chake cha mdomo, akaachishwa kazi mwaka 1941.

"'Bwana Mungu Nashangaa' ulitoka kwa Wamarekani"

Wimbo huu kwa Kiingereza ni "How Great Thou Art". Shairi la asili ni la Msweden Carl Boberg, 1885. Mmishonari Mwingereza Stuart Hine aliusikia kwa Kirusi, akaandika maneno ya Kiingereza. Marekani iliupokea tu na kuutangaza, hasa kupitia mikutano ya mhubiri Billy Graham New York mwaka 1957. Elvis, ambaye watu humtaja kwa roki, alishinda tuzo tatu za muziki za Grammy za ushindani maishani mwake. Zote ni za injili, na mbili kati yake ni kwa wimbo huu.

"John Newton aliokoka akaacha biashara ya utumwa papo hapo"

Mtunzi wa "Amazing Grace" alimlilia Mungu katika dhoruba mwaka 1748. Baada ya hapo alikuwa nahodha wa meli za watumwa, akaacha ubaharia mwaka 1754 kwa sababu ya afya. Kitabu chake cha kuipinga biashara hiyo kilitoka 1788, miaka arobaini baada ya dhoruba. Anayetoa ushuhuda kwa wimbo huu asiifupishe safari hiyo.

"Kodi tatu za gitaa, basi umemaliza"

Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni tatu kweli: G, C na D7 zinabeba sehemu kubwa ya nyimbo hizi. Kazi iko mkono wa kulia. Maybelle Carter wa Carter Family alipiga tuni kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene, huku kidole cha shahada kikipangusa nyuzi nyembamba katikati ya noti. Wanaoanza hupangusa kwa nguvu, tuni ikazama. Gumba ligonge, shahada iguse tu.

Kwa kusindikiza wimbo wa mapigo manne, piga besi pigo la kwanza na la tatu, pangusa la pili na la nne. Kwenye G, gumba lianze uzi wa sita kisha wa nne. Kwenye C, wa tano kisha wa nne. Kwenye D7, wa nne kisha wa tano. Mwimbaji akitaka B-flat, funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya tatu uendelee na vidole vilevile vya G. Kapo ikae nyuma tu ya chuma cha freti. Ikirudi katikati, nyuzi zinazomea.

Upande wa sauti, kwaya zetu zimezoea tuni ikae kwa soprano. Kwenye kwateti (kundi la waimbaji wanne) ya kantri ya injili, tuni iko sauti ya pili kutoka juu, na sauti ya tenor inaimba juu yake kama pambo. Ukiwapa soprano sauti ile ya juu nao wakaipaza kama kawaida yao, msikilizaji atatoka akiimba tuni isiyo ya wimbo. Weka watu wachache juu, wenye sauti nyembamba, na uwaongeze wanaobeba tuni. Besi akae karibu na maikrofoni kuliko wote.